Acheni Kufuta Kache, Tazameni Saa

"Fundi, nimefuta kache na historia yote, mbona brauza bado inakataa?" Swali hili linanijia kutoka steshenari za Musoma mjini, kutoka maduka ya Bunda yaliyo kando ya barabara ya Mwanza na Sirari, na kutoka kwa wanafunzi wa Butiama wanaohangaika na maombi ya mkopo. Kompyuta inayoulizwa ni ya aina ile ile: mtumba wa mezani, RAM gigabaiti 2, na ndani yake Linux nyepesi ambayo fundi fulani ameichonga kutoka antiX, Puppy au Lubuntu, kisha ikasambaa kwa flashi kutoka duka moja hadi jingine. Kwenye kioo kuna onyo kwamba muunganisho si salama. Ukurasa wa HESLB, bodi ya mikopo, haufunguki, wa TAUSI wa leseni za biashara haufunguki, na mteja amesimama kaunta akisubiri.

Kufuta kache hakuponyi onyo hilo, na nitalirudia hili mpaka liingie. Kache ni nakala za picha na maandishi ambazo kivinjari kimeziweka ili kisizipakue upya. Ukaguzi wa usalama hufanyika kabla ukurasa wenyewe haujaanza kuja. Seva inatoa cheti chake, na ndani ya cheti mna tarehe mbili, ya kuanza na ya mwisho. Kivinjari kinachukua tarehe hizo na kuzilinganisha na saa ya kompyuta yako. Kama kompyuta inaamini leo ni tarehe 1 Januari 2009, cheti kilichotolewa mwezi uliopita kinaonekana ni cha miaka mingi ijayo, nacho kinakataliwa. Ni kama askari mwenye kalenda ya 2009 kukagua bima ya bajaji iliyokatwa jana. Hata ukisafisha bajaji mpaka ing'ae, kalenda ya askari haibadiliki.

Basi tazama pembeni mwa kioo palipoandikwa tarehe. Hapo ndipo penye ugonjwa, na chanzo chake kiko ndani ya kasha: betri bapa ya CR2032, duara la milimita 20 lenye unene wa milimita 3.2, iliyopachikwa kwenye ubao mkuu. Umeme ukikatika, au ukizima swichi ya ukutani jioni unapofunga duka, ni betri hiyo inayoendesha saa. Kwenye mtumba wa miaka 10 na zaidi mara nyingi imekwisha kufa, kwa hiyo kila asubuhi kompyuta inaamka na tarehe ya kiwandani. Linux kamili ingeomba saa sahihi mtandaoni kimyakimya. Hii iliyochongwa mara nyingi haiombi, kwa sababu aliyeichonga aliondoa huduma ya kusawazisha saa ili aokoe RAM kidogo. Ameokoa kiasi kisichofaa kitu na kuwaachia watu usumbufu wa kila siku. Hilo linaniudhi.

Wengine wananijibu: kama ni saa, mbona tovuti nyingine zinafunguka? Kwa sababu vyeti havina umri mmoja. Cheti cha kawaida cha Let's Encrypt hudumu siku 90, na vingine vimekuwa vikifika siku 398. Saa yako ikibaki nyuma miezi mitano, tovuti yenye cheti cha mwaka mzima inaweza kukupokea na jirani yake mwenye cheti cha siku 90 akakukataa. Mtu anaona hivyo anaulaumu mtandao, au anadhani tovuti ya serikali imekufa. Hali hii itazidi: ukomo mpya ni siku 200 kuanzia Machi 2026, na utashuka hadi siku 47 ifikapo Machi 2029. Kompyuta iliyozoea kubahatisha haitabahatisha tena.

Wakati huohuo dawa hii ya kufuta kila kitu inaumiza. Kurasa zote zinapakuliwa upya kwa bando lako. Ukiweka tiki kwenye kila kisanduku, akaunti zilizokuwa wazi zinajifunga na mteja hakumbuki nywila. Na baada ya kufuta bila mafanikio, mtu anabonyeza kitufe cha kukubali hatari na kuendelea. Hapo naomba mnisikilize. Ukimzoesha kijana wa kaunta kulipita onyo hilo kila asubuhi, atalipita pia siku ambayo kweli kuna mtu katikati anayenasa nywila ya mwanafunzi au ya benki. Onyo halitaonekana tofauti siku hiyo.

Tiba ni hii. Fungua terminali, andika date, usome mwaka. Ukiwa si sahihi, andika sudo date -s na baada yake, ndani ya alama za kunukuu, mwaka, mwezi, siku na saa, kwa mfano "2026-05-20 09:30". Hiyo 09:30 ni saa tatu na nusu asubuhi, msiandike 03:30. Kisha sudo hwclock -w ili saa ikae kwenye ubao. Ukanda wa saa uwe Africa/Dar_es_Salaam. Halafu nunua CR2032 kwa fundi saa au kwa wauza rimoti za magari, chomoa waya wa umeme, badilisha, kisha weka saa upya.

Kama tatizo ni kwamba kivinjari hakifunguki kabisa, usibonyeze ikoni mara kumi. Andika firefox kwenye terminali usome kinachotoka. Kikitaja faili inayoishia na .so, kuna maktaba iliyoondolewa, irudishe. Kikisema hakuna nafasi, andika df -h. Kwenye Puppy faili ya kuhifadhia hujaa upesi, na hapo kufuta kache kunasaidia kweli. Likitokea neno Killed, RAM imeisha: punguza vichupo, washa zram inayobana data ndani ya RAM. Kikianza kusumbua baada ya umeme kukatika, andika firefox -P utengeneze wasifu mpya, na usiufute wa zamani kabla hujachukua alamisho zako. Na kama Firefox imegoma kujisasisha, andika lscpu. Firefox 144 ya Oktoba 2025 ndiyo ya mwisho kwa Linux ya biti 32, na Chrome iliacha tangu 2016. Lakini kichakato kikionyesha biti 32 na 64 pamoja, mashine yako ni nzima. Fundi alikuwekea mfumo wa biti 32 tu. Mwambie akuwekee wa 64.