Kahawa ya Kirimiro na swali la mwisho wa msimu

Mji wa Gitega umo katika Kirimiro, eneo la kahawa la katikati ya Burundi. Huko linaonekana waziwazi jambo alilolieleza Howard Stevenson wa Chuo Kikuu cha Harvard miaka ya 1980: mtawala huanza na mali aliyokabidhiwa na kujiuliza ataitunzaje, mjasiriamali huanza na fursa, kisha akatafuta mali ya kuifikia. Wengi huona tofauti hiyo ni ya hulka, mtu huzaliwa nayo. Kwangu chanzo ni swali ambalo msimamizi huulizwa msimu ukiisha.

Tazama kituo cha kuoshea kahawa. Kwa miaka mingi sekta hii ilikuwa chini ya shirika la serikali, OCIBU, na tangu miaka ya 1990 vituo viliendeshwa na kampuni za SOGESTAL, Kirimiro ikiwa na yake, Kirundo na Muyinga yao. Kahawa ya vilima mbalimbali ilichanganywa ikauzwa kwa jumla, na msimamizi aliulizwa tani na daftari. Kwa nini basi ajisumbue kumwaga kahawa mbivu majini ili nyepesi zielee zitolewe, au kuweka watu vichanjani wachambue punje moja moja, ilhali kazi yake ingepotea ndani ya mzigo wa jirani mzembe? Na uzembe huo ni ghali. Kahawa ya Maziwa Makuu huandamwa na ladha ya kiazi kibichi, inayohusishwa na mdudu aitwaye antestia, na punje moja yenye kasoro hiyo huharibu kikombe kizima. Sekta ilipofunguliwa kwa wawekezaji binafsi, na mwaka 2012 Burundi ikaandaa shindano la Cup of Excellence, kila fungu lilionjwa peke yake na kunadiwa kwa asili yake. Swali lilibadilika, kuchambua kukawa na faida.

Watetezi wa utawala wana hoja nzito: mkulima mwenye miti michache hupunjwa kwenye mizani na kucheleweshewa malipo, ndiyo maana serikali imerudi kwa nguvu kupitia shirika lake la kahawa, ODECA. Nakubaliana nao kuhusu mizani na malipo. Lakini kulinda pesa ya mkulima hakulazimu kuchanganya kahawa yake. Mfano ni M-Pesa, huduma ya pesa kwa simu, iliyojaribiwa Kenya kama njia ya kurejesha mikopo midogo. Wateja wakaanza kutumiana pesa, na kampuni ya simu ya Safaricom ikawafuata, ikaizindua Machi 2007. Benki Kuu ya Kenya iliiruhusu, fedha za wateja zikitunzwa katika akaunti ya amana, mbali na mfuko wa kampuni. Mlinzi alilinda fedha, hakumpangia mbunifu huduma.

ODECA inaweza kuanza hivyo hivyo Kirimiro: bei ya chini kabisa na mizani zibaki mikononi mwake, ila kila kituo kiruhusiwe kuuza sehemu ya mavuno kwa jina lake, bei iliyopatikana ibandikwe hadharani kituoni, na ziada iwafikie wakulima kabla ya msimu unaofuata.