Karti ya chama cha bangi haivuke mupaka

Kuko familia mingi huku kwetu zenye ziko na ndugu Ulaya. Siku moja ndugu wa Ujerumani anatuma sauti mu simu: "Yaya, huku bangi haiko tena kosa. Bantu biko na chama yabo." Kijana wa mine anasikia, anacheka, anasema dunia imebadilika. Ni kweli, lakini hajasikia habari yote.

Kule Ujerumani sheria mupya ilianza tarehe 1/4/2024. Kuanzia tarehe 1/7 ya mwaka ule, vyama vya kulima bangi vikaruhusiwa kuomba kibali. Haiko duka, haiko bar. Fikiria likelemba: wanamemba wanajulikana, kila mutu anatoa sehemu yake, na mutu wa inje hapate kitu.

Nani anaweza kuingia? Mutu wa miaka 18 ao zaidi, mwenye anaishi Ujerumani tangu miezi 6 kwa uchache. Sheria haiangalie pasipoti ni ya inchi gani, inaangalia makao. Mukongomani mwenye anaishi kule anaweza kuwa memba sawa na Mujerumani. Lakini mugeni mwenye amekuja kutembea wiki mbili, hapana. Chama kimoja hakipite wanamemba 500. Na mutu haruhusiwe kuwa mu vyama viwili: anaandika kwamba haiko memba kwengine. Kuingia leo na kutoka kesho pia hapana. Mutu anabakia memba miezi 3 kwa uchache.

Memba haikae tu na kungojea. Anapaswa kusaidia kazi ya kulima. Feza zenye wanamemba wanatoa zinalipa gharama, na chama hakitafute faida. Siku ya kupokea, anakuja yeye mwenyewe, anaonyesha karti ya chama na kitambulisho chenye picha. Anaweza kupata gramu 25 kwa siku, lakini mwezi muzima haipite gramu 50. Mwenye hajafikisha miaka 21 anapata gramu 30 tu kwa mwezi, na THC, ile kitu yenye inalewesha, haipite 10%. Jambo lenye linashangaza wengi ni hili: ndani ya chama hakuvutwe hata kidogo. Pombe haigawanywe pale, matangazo yanakatazwa, na kumupa rafiki sehemu yako ni kosa.

Wazee wa Kasai hawatashangaa sana kusikia habari ya chama. Mu 1881 Wajerumani wawili, Paul Pogge na Hermann Wissmann, walifika kwa mukubwa Kalamba Mukenge, kwa Bena Lulua. Walikuta watu wenye waliitwa Bena Riamba, ni kusema watu wa bangi. Walivuta pamoja, na silaha zilikatazwa mu mugini. Pale pia kulikuwa kanuni.

Kisha, mu 1903, dekreti ya Etat Indépendant ikakataza bangi ya kuvuta. Mpaka leo, huku kwetu ni kosa.

Hapa njo mambo inatuhusu. Mutu mwenye anavuta mara mingi, alama ya bangi inaweza kubakia mu mukojo wake siku mingi, hata wiki kazaa. Kama kampuni inapima watumikaji kwenye mulango, kipimo hakijue kama ulivuta jana usiku ao siku ya mapumuziko. Na ndani ya shimo, mwenye anaendesha mashine na kichwa kizito, hajihatarishe yeye peke yake. Kuko wenzake nyuma.

Kwa hiyo, baba na mama, kama ndugu wa Ulaya anasema "nitakutumia kidogo", mumukatalie bila haya. Hata sheria ya kule haimuruhusu kutuma. Mwenye atakamatwa na ule muzigo ni huyu wa huku. Na kijana akisema "kule imeruhusiwa", musimupigie kelele. Mumuhesabie: miaka, miezi, gramu, karti, kazi ya kulima. Kisha mumuulize kama kazi ikipotea, nani atalipa masomo ya watoto mwezi wenye unakuja.