Mechi ya viwanja vya mtaani huamuliwa kwenye ramani

MATHARE United ilipotwaa ubingwa wa Ligi Kuu ya Kenya mwaka 2008, mashabiki walisifu miguu ya vijana. Wachache walikumbuka ardhi waliyojifunzia boli.

Klabu hiyo ni zao la MYSA, chama cha michezo ya vijana kilichoanzishwa Mathare, Nairobi, mwaka 1987. Huko timu hucheza mechi mbili: moja dhidi ya wapinzani, nyingine dhidi ya taka. Ukizibua mitaro na kuzoa uchafu mtaani, unaongezewa pointi kwenye msimamo wa ligi. Yaani unaweza kufunga mabao kibao, lakini ukikwepa koleo, kombe likakupita hivi hivi.

Tatizo ni kwamba koleo halizalishi ardhi. Katika mitaa ya mabanda kila futi ina bei, na kumi za mabati huleta kodi kila mwezi ilhali kiwanja hakileti hata ndururu. Ndiyo maana watoto hubaki kusakata gozi kando ya mto, mahali pa kwanza kumezwa na maji mvua inapozidi.

Mafuriko ya 2024 yalionyesha hatari hiyo. Serikali iliamuru watu wahame kutoka umbali wa mita 30 kandokando ya mito, Mathare ikiwemo, na nyumba nyingi zikabomolewa. Lakini ukanda ukiachwa mtupu, jalala hurudi, kisha mabanda.

Kibera kuna mfano mwingine. Tangu 2006, wabunifu wa shirika la KDI wamekaa na wakazi na kugeuza majalala ya kando ya mto kuwa sehemu za umma. Kingo hushikiliwa kwa mawe yaliyofungwa ndani ya nyavu za waya, maji ya mvua yakapewa njia, na watoto wakapata pa kuchezea. Wakazi ndio huamua kijengwe nini, na ndio hubaki kukitunza.

Shirika la UN-Habitat, lenye makao yake papo hapo Nairobi, linapendekeza asilimia 15 hadi 20 ya ardhi ya mji iwe sehemu wazi za umma, mbali na asilimia 30 ya barabara. Mtaani kwa kina yakhe, hesabu hiyo bado ni ndoto.

Mipango ya kuboresha mitaa inapoletwa, watu huuliza kwanza kuhusu barabara, maji na nyumba, na ni haki yao. Makocha na manahodha nao waende kwenye vikao hivyo, wahakikishe kiwanja kimechorwa na kusajiliwa kuwa mali ya umma. Zege ya msingi ikishamwagwa, hakuna mechi ya marudiano.