Paka Aliyeokotwa Njiani

Paka tunayemwokota njiani huingia nyumbani mwetu na hofu nyingi. Tukimwachilia upesi, hutoroka. Basi tumweke kwanza katika chumba kimoja siku kadhaa, pamoja na maji, samaki kidogo, kikapu cha kujifichia, na sanduku la mchanga kwa haja zake. Watoto wasimkamate kwa nguvu. Wangoje awajie mwenyewe.

Tena tukumbuke kichaa cha mbwa, ugonjwa unaompata paka pia, nao huua. Akimwuma mtoto, tuoshe jeraha papo hapo kwa maji na sabuni dakika 15, kisha tumpeleke dispanseri siku ileile akachomwe sindano.

Akiisha kuzoea, atafukuza panya ghalani. Ndivyo tunavyomheshimu Mungu aliyemwumba.