Miwani ya Kutuliza Uchungu wa Uzazi

Uhalisia pepe ni mandhari yaliyotengenezwa kwa kompyuta na kuonekana kupitia miwani mikubwa inayoziba macho yote mawili, kiasi kwamba mvaaji akigeuza shingo huona ulimwengu mwingine umemzunguka. Katika baadhi ya hospitali za Marekani miwani hiyo imejaribiwa kumpunguzia mama uchungu wa kujifungua, na jaribio hilo lastahili kupimwa pia kwa jicho la Kipungani, kijiji kilichoko kusini-magharibi mwa kisiwa cha Lamu, mbali na hospitali ya rufaa iliyoko Lamu mjini.

Mwaka 1965, Ronald Melzack na Patrick Wall walieleza kwamba habari za maumivu, kabla ya kufika ubongoni, hupita kwenye uti wa mgongo mfano wa mtu apitaye langoni, na kwamba lango hilo huweza kurudishwa kidogo na mguso mwingine au na amri zinazoteremka kutoka ubongoni. Wakunga wa pwani, wanaomkanda mzazi kiuno huku wakimsemesha, walilijua jambo hilo kwa vitendo kabla halijaandikwa. Vilevile wanawake wa Kipungani, ambao ususi wa mikeka ni kazi yao ya siku zote, wanajua kwamba msukaji wa ukili anapopishanisha miyaa, mmoja juu na mwingine chini, akili yake huwa imeshikwa na vidole, na akiitwa huchelewa kuitika. Miwani hufuata njia hiyohiyo: huishika akili ili maumivu yapate nafasi ndogo.

Tangu miaka ya 1990, Hunter Hoffman na wenzake wa Chuo Kikuu cha Washington wamekuwa wakiwatumbukiza wagonjwa walioungua katika ulimwengu pepe, baadaye ukiwemo wa theluji, wakati vidonda vyao vikisafishwa. Kwa upande wa uzazi, utafiti wa Michigan uliochapishwa mwaka 2019 ulihusisha wanawake 27 walioonyeshwa mandhari ya chini ya bahari, nao walisema maumivu na wasiwasi vilipungua. Katika hospitali ya Cedars-Sinai, Los Angeles, wanawake 40 waligawanywa kwa kura; waliovaa miwani kwa dakika 30 walipungukiwa na uchungu kwa takriban nusu alama katika kipimo cha 0 hadi 10, ilhali kwa wenzao uliongezeka kwa kiasi kama hicho. Nafuu hiyo ni ndogo, na miwani huweza kumtia mtu kichefuchefu, lakini hiyo si sababu ya kuupuuza uchungu wenyewe: mwenye kuudharau kwa kusema kwamba ndio uzazi anakosea sana.

Epidura, yaani ganzi inayopitishwa kwa mrija mwembamba karibu na uti wa mgongo, hutuliza zaidi, ila yahitaji mtaalamu wa ganzi na uangalizi wa shinikizo la damu, mambo yasiyopatikana kijijini. Miwani yahitaji betri tu. Hata hivyo haisikilizi mapigo ya moyo wa mtoto, haizuii damu, wala haimfikishi mama hospitalini kwa boti usiku maji yakiwa yamekupwa. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2018 unataka kila mzazi awe na mwandani amtakaye, na mwandani huyo hahitaji kuchajiwa.

Basi wakuu wa afya wa Lamu na watangulize mkunga, boti na mwandani. Kisha, miwani ikiletwa, mama wa Kipungani aulizwe kwanza yeye mwenyewe angependa kuona nini.