Kichwa cha Mfalme na Simba wa Shilingi

Shilingi ya Afrika ya Mashariki iliyotolewa mwaka 1921 ilijulikana sana katika nchi ya Mugutha, baina ya Ruiru na Thika. Kwa sarafu hiyo kodi zililipwa, na wafanyakazi wa mashamba ya kahawa na mkonge walihesabiwa mishahara yao. Upande mmoja ulikuwa na kichwa cha Mfalme George wa Tano mwenye taji. Upande wa pili simba, na milima nyuma yake. Maandishi yaliyozunguka kichwa hicho hayakuwa ya Kiingereza bali ya Kilatini, lugha ya Warumi wa kale, na herufi IMP zilikuwa kifupi cha cheo walichojipa Makaisari wenyewe.

Desturi hiyo ilikuwako Rumi ya kale. Dinari, ambayo wasomaji wa Injili huikumbuka katika lile swali la kodi, ilikuwa kipande cha fedha chenye kichwa cha Kaisari. Nyuma yake Kaisari aliweka habari alizotaka zienee, kama vile Ushindi katika umbo la mwanamke mwenye mabawa. Hata askari asiyejua kusoma alielewa. Dinari moja ya Hadrian, aliyetawala mwaka 117 hadi 138 baada ya Kristo, ina mwanamke aliyeegemea, amevaa ngozi ya kichwa cha tembo, ameshika nge na pembe iliyojaa mazao. Jina lake limeandikwa: AFRICA. Ndiyo Afrika ya kaskazini, iliyowalisha Warumi ngano. Mwanamke huyo hakuulizwa kama apenda kushikishwa nge.

Picha zilidumu kuliko madini. Nero alipunguza fedha ya dinari mwaka 64, na kufikia mwaka 270 sarafu za Rumi zilikuwa karibu shaba tupu. Afrika ya Mashariki mwendo ulikuwa wa kasi zaidi: rupia ilikuwa na sehemu 11 za fedha katika 12, florini ya 1920 nusu, shilingi ya 1921 robo. Mwaka 1948 fedha iliondolewa kabisa. Wenye maduka waliendelea kuipokea, kwa ajili ya kichwa na simba tu.

Sarafu za kwanza za Kenya, za mwaka 1966, zilichukua kichwa cha Jomo Kenyatta. Katiba ya 2010 ilikataza sura ya mtu yeyote katika fedha za nchi. Katika sarafu zilizotolewa Desemba 2018, simba yupo kwenye ya shilingi 10.