KUTU, MAJANI YA MITI NA NGUO ZETU



Kila mmoja anajua ile doa nyekundu inayotokea kwenye shemisi nyeupe iliyoanikwa juu ya waya. Unafua, haitoki. Kisha miezi kadhaa, fasi ile ile inatoboka. Juu ya nini nguo haitoboki pembeni, ila paka pale penye kutu? Wengi wanasema: kitambaa kilikuwa kibaya. Sivyo. Chimi inatupa jibu, na tena inatuonyesha kwamba majani na mbegu za mimea zinaweza kusaidia nguo.

I. NGUO INAKUFA NAMNA GANI?

Pamba ni selulozi, maana yake minyororo mirefu sana ambayo jicho haliwezi kuiona. Minyororo ikiwa mirefu, uzi una nguvu. Oksijeni ya hewa, ikisaidiwa na jua na moto wa pasi, inakata minyororo hiyo polepole. Kazi hiyo inaitwa oksidasio. Kwa nguo safi inachukua miaka mingi.

Lakini chuma kikiingia, mambo yanakwenda mbio. Mwaka 1894 Mwingereza H.J.H. Fenton alieleza kwamba chuma kidogo kikikutana na maji ya oksijeni kinaleta oksidasio kali sana. Leo tunajua sababu: vinazaliwa vipande vyenye hasira, vinavyoitwa radikali, vinavyovamia kila kitu kilicho karibu. Na ubaya ni huu: chuma chenyewe hakiishi. Kinafanya kazi, kinarudia, kinafanya tena. Ndiyo maana doa ndogo inatosha kutoboa shemisi.

II. ANTIOKSIDA NI NINI?

Ni kitu kinachokubali kuoksidishwa mbele ya nguo, sawa na mlinzi anayepigwa kwa fasi ya mwenye nyumba. Mimea inazo nyingi, kwa kuwa yenyewe inashinda juani kutwa nzima. Inayojulikana zaidi ni tanini. Ukitafuna pera bichi ao kunywa chai kali isiyo na sukari, ulimi unakauka na kukunjana: hiyo ndiyo tanini.

Kwenye nguo tanini inafanya kazi tatu:
1. Inatuliza radikali kwa kuzipa hidrojeni yake.
2. Inashika chuma.
3. Inameza sehemu ya mwangaza mkali wa jua usioonekana na macho.

Lakini inafaa kusema ukweli wote. Tanini inachafua nguo nyeupe, inaifanya ya manjano ao kahawia. Tena, mlinzi akipigwa sana anachoka: tanini inatumika mpaka inaisha.

III. WAMAMA WA MALI

Katika inchi ya Mali, wamama wa Kibamana wanajua kazi hii tangu zamani. Kitambaa chao kinaitwa bogolanfini. Kwanza wanalowesha pamba ndani ya maji ya majani ya mti unaoitwa n'galama, yenye tanini nyingi. Kitambaa kinakuwa cha manjano. Kisha wanachora juu yake kwa matope yenye chuma yaliyowekwa siku nyingi. Tanini na chuma vinashikana, vinakuwa rangi nyeusi. Wanasuuza matope, weusi unabaki.

Ni akili kubwa, lakini kuna hatari ndani. Kama chuma kinapita kipimo cha tanini, kile kilichobaki bila kushikwa kinaanza kazi yake ya kukata. Katika nyumba za makumbusho kuna nguo nyingi za kale za rangi hiyo ya chuma na tanini, ambazo sehemu nyeusi imevunjika na sehemu nyingine ingali nzima.

IV. DAWA KUTOKA PUMBA

Wino wa zamani wa Ulaya ulitengenezwa vilevile kwa chuma na tanini, nao ulikula karatasi. Karatasi pia ni selulozi. Mwaka 1995 Johan Neevel wa Uholanzi alitangaza kwamba fitati inaweza kuzuia ubaya huo. Fitati inapatikana ndani ya maharagi na pumba ya mahindi na ya mchele. Inakamata chuma kwa nguvu, hakiwezi tena kuzaa radikali. Kisha karatasi inapewa dawa nyingine ya kuondoa asidi, kwa sababu asidi pia inakata selulozi. Wenye kutunza nguo za kale wamejifunza kutoka kazi hiyo.

Angalieni tofauti: tanini inajitoa, fitati inafunga mwizi mikono. Zote mbili ni za mimea.

V. NA SISI?

Tusiloweshe uniforme nyeupe ndani ya chai! Lakini tunaweza kufanya haya:
- Tuanike juu ya kamba, ao tufunike waya kwanza kwa kitambaa cha zamani.
- Doa ya kutu tusiiwekee maji ya javeli. Javeli ni ya kuoksidisha, na ikikutana na chuma inaharakisha tundu.
- Tukamulie ndimu na chumvi kidogo, tuache saa moja juani, kisha tusuuze mara tatu kwa maji mengi. Asidi ya ndimu inayeyusha kutu, lakini yenyewe haifai kubaki ndani ya nguo. Kwa vikwembe vya rangi, tujaribu kwanza kwenye pindo.

Kwa wenye kupenda kuona kwa macho: lowesheni msumari wenye kutu ndani ya ndimu siku mbili. Mwageni maji yake kidogo tu ndani ya chai kali. Chai itakuwa nyeusi kama wino. Ongezeni ndimu nyingi, weusi utapunguka. Pale mtakuwa mmeona tanini ikishika chuma, na asidi ikikiachisha.